Mwendesha mashtaka anaegemea upande: uende kwa DPP, IGG, ufungue kesi mwenyewe ama upitie kundi la utetezi?

Kesi ya ndugu yako imekwama, faili inaenda kwa steti atoni (mwendesha mashtaka wa serikali) inarudi polisi inaenda tena, alafu unasikia uliyemshtaki ana chama chake na viongozi wa chama walishafika ofisini kabla yako, na sasa mnaambiwa ushahidi hautoshi. Ama ni kinyume, wewe ndo mshtakiwa na kuna kundi linaongea redioni kila asubuhi kwamba usipofungwa basi haki imekufa Uganda, na unaona kabisa mwendesha mashtaka anaogopa kuiondoa kesi hata kama ndani ya faili hakuna kitu. Shida ni ile ile. Mtu aliyewekwa pale kuangalia ushahidi ameanza kuangalia nani amekasirika.

Njia za kulalamika ziko na zimo kwenye sheria, lakini watu wengi wanachukua ile waliyoisikia kwa jirani ama ile yenye kelele zaidi, wanapoteza mwaka mzima, kumbe walibisha kwa ofisi ambayo haina uwezo wa kugusa kile wanacholalamikia. Naweka hapa nne zinazotumika sana, yaani DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, mkubwa wa steti atoni wote), IGG (Inspekta Jenerali wa Serikali), kufungua kesi mwenyewe na kundi la utetezi, nazipima kwa vipimo vile vile, uone yako ni ipi. Hakuna iliyo bora kwa kila mtu, juu kesi ya shamba Kiryandongo na kesi ya mtoto aliyenajisiwa Busia hazina mahitaji sawa.

Kwanza, una uhakika ni upendeleo?

Hapa nakaa kidogo juu ndo mahali watu wengi wanaumia bure. Mwendesha mashtaka anasoma karatasi, hakuoni wewe. Ukiwa mtu wa Kiswahili, uko Arua ama Malaba ama Bwera, unaongea na afande kwa Kiswahili yeye anaandika maelezo yako kwa Kiingereza, unaweka sahihi bila kusomewa. Kesho yake kwenye karatasi imeandikwa ulimuona mtu saa mbili usiku kumbe ulisema saa mbili asubuhi, na shahidi wako mwingine amesema asubuhi. Steti atoni akisoma anaona mashahidi wawili wanapingana, anagoma kusanksheni faili, yaani kuidhinisha mashtaka, na wewe unaenda nyumbani ukisema amekula pesa. Kwa hiyo kabla ya kuweka sahihi au dole gumba mwambie afande akusomee yote kwa lugha unayoelewa, na kama kuna kosa alikate na mweke sahihi pembeni hapo hapo. Kesi ikifika kortini, mshtakiwa asiyeelewa lugha ya korti ana haki ya mkalimani bila kulipa, iko kwenye Katiba ibara ya 28.

Angalia pia kama PF3, ile fomu ya polisi inayojazwa na daktari, imo ndani ya faili, kama shahidi wako mkuu aliandikishwa kweli, kama picha zilichapishwa. Faili nyingi zinakufa kwa vitu kama hivyo na makosa yanakuwa ya mpelelezi. Kama ni mpelelezi wa polisi amekalia kazi, mlango wako wa kwanza ni OC CID, mkuu wa upelelezi wa hiyo stesheni, ukishindwa hapo kuna kitengo cha polisi cha nidhamu kinaitwa PSU, na hauhitaji kusoma yote yaliyobaki hapa.

Lakini kama vitu vyote vimo na bado faili haitembei, ama mashtaka yamebadilishwa kutoka kosa kubwa kuwa kosa dogo bila sababu inayoeleweka, ama kesi imeondolewa siku chache baada ya ujumbe wa watu fulani kutembelea ofisi, sasa tuongee.

Sheria inasema nini kuhusu presha

Katiba ya 1995 ibara ya 120 inasema DPP anateuliwa na Rais kwa mapendekezo ya Tume ya Utumishi wa Umma, na Bunge linaidhinisha. Akishakaa kwenye kiti hapokei amri ya mtu wala mamlaka yoyote. Rais, mbunge, askofu, mufti, mwenyekiti wa chama cha boda, hakuna. Hapo hapo Katiba inamwambia azingatie maslahi ya umma, utoaji wa haki, na kuzuia sheria isitumiwe vibaya.

Sasa hayo maneno maslahi ya umma ndo dirisha ambalo makundi yote yanaingilia. Umma ni nani? Kila kundi likifika linajiita umma. Wafanyabiashara wa soko wakija watu mia moja wanasema umma unataka mwenzao aachiliwe, wanawake wa kijiji kile kile wakija kesho wanasema umma unataka afungwe. Na kuna presha ya kimya kimya ambayo naiona mbaya zaidi: simu ya RDC (mwakilishi wa Rais wilayani), mbunge anayepita kusalimia, shirika linalolipia semina ya waendesha mashtaka alafu linauliza kesi yetu ile imefika wapi. Mashirika mengi yanafanya kazi nzuri na hawa watu, kwa mfano International Justice Mission imefanya kazi na polisi na waendesha mashtaka kwenye kesi za wajane kunyang'anywa ardhi, na wajane wamepata haki ambayo wasingeipata. Sitaki mtu aseme napinga hilo. Ila yule anayeshtakiwa kwenye hizo kesi naye ni raia, na ana haki ya kujua mwendesha mashtaka wake anaongozwa na faili peke yake.

Tukumbuke pia hawa ni watu wenye nyumba na watoto. Joan Kagezi alikuwa anaongoza mashtaka ya mabomu ya Kampala ya Julai 2010 yaliyoua zaidi ya watu 70, akapigwa risasi Kiwatule jioni ya tarehe 30 Machi 2015, watoto wake wakiwa naye kwenye gari. Mtu akikwambia steti atoni hana cha kuogopa, hajui hiyo kazi.

Vipimo

Kila njia naiuliza maswali manne. Inaweza kubadilisha uamuzi wenyewe ama inaweza tu kumuadhibu aliyeamua? Inakula pesa na muda kiasi gani? Wewe unabaki salama? Na la mwisho ambalo watu hawaulizi: inamrudisha mwendesha mashtaka kwenye ushahidi, ama inamuongezea tu presha nyingine upande wako?

Njia ya 1: Kulalamika ndani ya ofisi ya DPP yenyewe

*Uwezo.* Hii ndo njia inayogusa uamuzi moja kwa moja. Steti atoni wa wilaya ana mkubwa wake wa kanda, na juu kuna makao makuu Kampala ambako kuna idara ya ukaguzi na ubora wa kazi ya waendesha mashtaka. Makao makuu wanaweza kuita faili, kuisoma upya, kumpa mwendesha mashtaka mwingine, kubadilisha mashtaka, ama kuagiza polisi wachunguze zaidi maana ibara ya 120 inampa DPP uwezo wa kuiagiza polisi ichunguze. Mfano mkubwa wa faili kupandishwa juu ni Agosti 2023, baada ya Sheria ya Kupinga Ushoga ya mwaka huo, DPP wa wakati huo Jane Frances Abodo aliagiza faili zote za hiyo sheria zipelekwe makao makuu kabla mtu hajashtakiwa. Makundi ya dini yalikuwa yanasukuma huku, mashirika ya haki za binadamu na nchi za wafadhili zinasukuma kule, na steti atoni wa wilaya yuko katikati peke yake. Uipende hiyo sheria usiipende, kumtoa mtu mmoja wa wilaya kwenye msukumano kama huo ni kitu kinachowezekana na wewe unaweza kukiomba kwa kesi yako ndogo.

*Pesa na muda.* Barua ni bure. Usimlipe mtu wa nje ya korti elfu hamsini akuandikie kurasa nane za hasira. Andika ukurasa mmoja. Juu kabisa namba ya CRB (namba ya kesi kwenye kitabu cha makosa cha polisi) na jina la stesheni, kama kesi ishafika kortini weka na namba ya korti. Chini yake tarehe tu: siku uliripoti na namba ya SD (kitabu cha kila siku cha stesheni), siku faili ilienda kwa mwendesha mashtaka, siku ilirudi. Alafu kitu kimoja ama viwili vinavyoonekana kwa macho, kwa mfano "shahidi aliyekuwepo dukani hajaandikishwa mpaka leo" ama "PF3 iliyojazwa na daktari haimo kwenye faili". Mwisho sema unachoomba: faili iitwe na isomwe na mtu mwingine. Peleka nakala mbili, yako wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, hiyo nakala yenye muhuri itunze vizuri kuliko barua yenyewe juu ndo itakusaidia kwenye kila njia nyingine hapa chini. Kwa muda, subira inahitajika, faili ikiitwa Kampala inasafiri na wakati inasafiri korti inaahirisha.

*Usalama.* Jina lako litajulikana, na mwendesha mashtaka uliyemlalamikia ataulizwa. Kama unamuogopa mshtakiwa kuliko unavyomuogopa steti atoni, hii sio hatari kubwa.

*Kutoegemea.* Hapa inashinda njia nyingi juu unaongea kwa lugha ya ushahidi na inabaki kwenye rekodi. Udhaifu wake ni wazi: wanachunguzana wenyewe kwa wenyewe, walisoma pamoja, wanakula chakula cha mchana pamoja. Kama mkubwa wa juu naye ndo amepigiwa simu, barua yako itakaa.

Inamfaa mtu ambaye shida yake ni uamuzi mbaya ama ucheleweshaji na hana ushahidi wa hongo. Inamfaa pia mshtakiwa anayesukumwa na kelele za umma, anaandika kuomba faili ipitiwe upya na kesi iondolewe. Kitu kimoja: DPP hana mkono kwenye mahakama ya kijeshi, Katiba imemtoa huko, kwa hiyo kama kesi iko huko usipoteze karatasi.

Njia ya 2: IGG

*Uwezo.* Ofisi ya Inspekta Jenerali wa Serikali ina uwezo mkubwa ambao watu hawaujui vizuri, ibara ya 230 inaipa nguvu ya kuchunguza, kukamata na kushtaki yenyewe kesi za rushwa na matumizi mabaya ya ofisi. Mwendesha mashtaka ni mtumishi wa umma kama wengine. Akiomba pesa ili apoteze faili anaweza kuishia kizimbani kwenye Mahakama ya Rushwa pale Kololo, na Sheria ya Kupambana na Rushwa ya 2009 inaweka mpaka miaka 10 ndani. Lakini sikia vizuri, IGG anamshika mtu, uamuzi kwenye faili yako unabaki pale pale mpaka DPP aubadilishe. Na hana ruhusa kukagua uamuzi wa hakimu ama jaji. Watu wanaenda pale wakitaka kesi yao ifunguliwe upya wanarudi wamevunjika moyo, na ofisi haikufanya kosa.

*Pesa na muda.* Bure, na ina ofisi za kanda kwa hiyo mtu wa West Nile haitaji kuja mpaka Kampala. Muda ni mrefu, uchunguzi wa rushwa sio kitu cha wiki mbili.

*Usalama.* Unaweza kuomba jina lako lifichwe. Kama wewe ni mfanyakazi wa ndani, karani wa korti, polisi, mtu wa ofisi hiyo hiyo, kuna Sheria ya Kulinda Watoa Taarifa ya 2010 inayokataza ulipiziwe kisasi, na kama pesa za umma zikipatikana kutokana na taarifa yako inasema upate asilimia 5. Hatari iliyopo ni moja na ni kubwa: kama ulishatoa hongo, anayetoa naye ana kosa. Njoo kabla ya kutoa. Ukiombwa pesa usibishane, usikubali pia, nenda na meseji zako. Wakikwambia utume kwenye mobail mani ya mtu mwingine, anza kama unataka kutuma, jina la mwenye namba litatokea kwenye simu kabla hujaweka pini, piga picha hapo, alafu kata. Picha kama hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za kusema wamekula.

*Kutoegemea.* Kwa rushwa ya pesa ni nzuri sana. Kwa presha ya makundi ni ngumu kidogo, maana chama kikienda kumuona steti atoni na kuongea naye tu bila kutoa kitu, IGG atachunguza nini? Isipokuwa uonyeshe kulikuwa na malipo, safari, zawadi, ama uhusiano wa ndugu ambao hakuusema.

Inamfaa mwenye kitu cha kushika mkononi. Mwenye hisia tu aanze na njia ya 1.

Njia ya 3: Kufungua mashtaka mwenyewe

Wengi hawajui hata kama hii ipo. Sheria ya Mahakama za Mahakimu inaruhusu mtu yeyote mwenye sababu za kuamini kosa limefanyika kwenda kwa hakimu, kwa mdomo ama kwa maandishi, na hakimu akiridhika kuna kosa na haukuja kusumbua mtu, anaandika hati ya mashtaka na kuita mshtakiwa. Hakimu anatakiwa kuongea na kiongozi wa eneo kabla, ila ukija na barua ya huyo kiongozi anaweza kuruka hiyo hatua, ndo maana nenda na barua kutoka nyumbani. Kwa namba za vifungu tahadhari, sheria za Uganda zilipangwa upya na toleo jipya lilianza Julai 2024, kwa hiyo namba unazoziona kwenye makala za zamani zinaweza kuwa zimebadilika, mwambie karani ama wakili akupe ya sasa.

*Uwezo.* Kwa kuanza kesi ni mkubwa, kwa kuimaliza hapana. DPP anaweza kuichukua kesi yako wakati wowote na kuendelea nayo. Akitaka kuifuta lazima korti ikubali kwanza juu kesi ilianzishwa na mtu mwingine, na hiyo ruhusa ya korti ndo kinga yako. Kama ni kosa kubwa la kwenda Mahakama Kuu, mauaji, unyang'anyi wa silaha, kunajisi mtoto wa chini ya miaka 14, faili itarudi tu kwa DPP kwa sababu yeye ndo anapeleka mashtaka huko juu.

*Pesa na muda.* Hii ndo ghali kuliko zote. Wewe sasa ndo serikali: unatafuta mashahidi, unalipa nauli zao kila tarehe na korti ikiahirisha unalipa tena, unatafuta ripoti ya daktari, unahitaji wakili hata kama sheria haikulazimishi. Kiwango cha ushahidi hakipungui eti kwa sababu wewe ni raia, bado unathibitisha bila kuacha shaka ya maana.

*Usalama.* Uko mbele peke yako, jina lako ndo liko kwenye hati. Ukishindwa na ikaonekana ulifungua kwa chuki unaweza kudaiwa fidia. Na kesi kama hii ikigusa mkubwa, umati unakuja. Mwaka 2016 mawakili walifungua mashtaka binafsi Makindye dhidi ya mkuu wa polisi wa wakati huo Kale Kayihura na maafisa wengine, siku ya kesi watu wakazingira mahakama wakipiga kelele za kumtetea, mawakili wakakwama ndani. Kama umati unaweza kufanya hivyo kwa mawakili wazoefu Kampala mchana, fikiria mjane mmoja wilayani.

*Kutoegemea.* Ina faida ambayo naithamini: sababu zinasikilizwa mbele ya hakimu, kwenye korti ya wazi. Hata DPP akija kuichukua, ameichukua mbele ya watu. Lakini wewe mwenyewe haupo katikati, wewe ni mlalamikaji na mwendesha mashtaka kwa wakati mmoja, na makundi yenye pesa yanaweza kutumia njia hii hii kumsumbua mtu maskini.

Inamfaa mtu mwenye kosa dogo ama la kati, mashahidi wanaokaa karibu, pesa ya wakili, na aliyeshaandika kwa DPP bila kujibiwa. Ile nakala yenye muhuri ndo utamuonyesha hakimu.

Njia ya 4: Kupitia kundi la utetezi

Hapa ndo moyo wangu unagawanyika na nitasema yote.

*Uwezo.* Kundi halina mamlaka ya kisheria hata kidogo, lakini lina wakili, lina simu za wakubwa, na linajua ngazi. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake, inasaidia wanawake tangu 1974, Chama cha Wanasheria kina mradi wa msaada wa sheria, kuna Anti Corruption Coalition Uganda kwa mambo ya rushwa, kuna Justice Centres. Kitu bora wanachoweza kukupa ni wakili wa kufuatilia kesi kwa niaba ya mwathirika. Anakaa kortini, haendeshi kesi, lakini anaona nani hakuja, anamkumbusha mwendesha mashtaka shahidi aliyeachwa, anaandika kila tarehe. Mwendesha mashtaka akijua kuna mtu anaandika, anajiandaa, na hapo hakuna mtu amemtisha.

*Pesa na muda.* Bure kwako, ila mlango ni mwembamba. Mfuko wa DGF uliokuwa unalipia mengi ya mashirika haya ulisimamishwa 2021 na ukafungwa 2022, Agosti 2021 serikali ikasimamisha mashirika 54 kwa mpigo, na 2025 misaada ya Marekani ikakatwa. Kwa hiyo wanachagua kesi. Wanachukua inayobeba ajenda yao, na siku ajenda ikihama ama pesa ikiisha unabaki na faili lako nusu njia. Uliza mapema kabisa: mtanifikisha hukumu ama mpaka mradi uishe lini?

*Usalama.* Kundi linakupa ukuta wa nyuma. Ila kuna jambo nimeliona likiharibu kesi nzuri: kumuweka mwathirika mbele ya kamera. Anahojiwa akiwa na machungu, anasema vitu tofauti kidogo na alivyoandikisha polisi, video inazunguka kwenye TikTok, na siku ya kesi wakili wa upande wa pili anaicheza mbele ya hakimu mstari kwa mstari. Kama mwathirika ni mtoto usikubali kabisa jina wala sura yake itoke, hata wakisema ni kwa faida yake.

*Kutoegemea.* Swali langu kwa kundi lolote ni moja: mnaomba nini? Wakiomba faili isomwe, mashahidi waitwe, sababu za uamuzi zitolewe kwa maandishi, hiyo ni raia wakifanya kazi yao. Ile kesi ya 2023 ya mabati ya msaada wa watu wa Karamoja yaliyochukuliwa na wakubwa, majina mengi ya wakubwa yalitajwa na mawaziri walioshtakiwa walikuwa watatu, raia kuuliza kwa nini hawa na sio wale ni haki kabisa na inamlinda hata DPP mwenyewe akiwa na jibu zuri. Lakini kundi likiomba fulani afungwe, ama fulani aachiliwe kwa sababu ni mwanachama wao, limeshavuka. Chama cha boda kinachozingira stesheni ili mwenzao aliyegonga mtoto atoke na chama cha wanaharakati kinachotaka mtu ahukumiwe kabla ya ushahidi, mimi naviona vinamfanyia mwendesha mashtaka kitu kile kile. Na ukishamfundisha kwamba anasogezwa na umati, atasogezwa pia na umati mkubwa kuliko wako.

Inamfaa mwathirika asiye na pesa kwenye kesi inayolingana na kazi ya shirika, hasa unyanyasaji wa wanawake na watoto, ardhi za wajane, mateso. Mshtakiwa asiye na wakili naye atafute mashirika ya msaada wa sheria, hayapo kwa waathirika tu.

Njia za mkato na ile ya juu

Watu wataniuliza kuhusu RDC na kile kitengo cha Ikulu cha kupambana na rushwa kilichoanzishwa Desemba 2018. Kwa hongo ya wazi kitengo kinaweza kuwahi kuliko wengine. Lakini kumpigia RDC ili amwambie steti atoni cha kufanya, hiyo ni presha ile ile unayolalamikia, umeigeuza tu ikuelekee wewe, na mwenzako ana namba ya mkubwa wake pia. Tume ya Haki za Binadamu ni nzuri kwa mateso na kuwekwa ndani kupita saa 48, ila kesi ikiwa tayari kortini haiingii.

Juu ya zote kuna Mahakama Kuu, kuomba ipitie uamuzi wa DPP kama ulifanywa kinyume cha sheria. Ni ya wakili, ni ghali, na una miezi 3 tu tangu uamuzi. Kwa mshtakiwa aliyeteswa ama aliyenyimwa haki wakati wa kesi kuna pia Sheria ya Kutekeleza Haki za Binadamu ya 2019, inaweza kuangusha kesi nzima.

Kulingana na hali yako

Faili imekaa na haujui kwa nini, hakuna aliyekuomba kitu: anza na OC CID, kisha barua kwa DPP ngazi ya kanda, kisha makao makuu. Usiruke ngazi, watakurudisha.

Umeombwa pesa na una meseji ama jina la mobail mani: IGG leo, kabla hujatoa. Barua kwa DPP iende sambamba ili faili ihamishiwe mtu mwingine, juu IGG peke yake hataisogeza.

Chama ama kundi limemzunguka mwendesha mashtaka kumtetea aliyekuumiza: barua kwa DPP ukiomba faili itoke wilayani, na tafuta shirika likupe wakili wa kufuatilia. Msipeleke umati wenu kushindana na umati wao.

Wewe ni mshtakiwa na kelele ziko nje: wakili wako aandike kwa DPP akitaja nini hakimo kwenye faili, na hesabu siku za rumande, Katiba inasema baada ya siku 60 kwa makosa ambayo mahakama za chini pia zinaweza kusikiliza, kama kesi haijaanza, na 180 kwa yale ya Mahakama Kuu peke yake, kama kesi haijapelekwa huko, una haki ya kuachiliwa kwa dhamana kwa masharti ya maana. Familia isijibu redioni.

Kosa ni la kati, DPP hajajibu, mashahidi wako wapo na wako tayari: mashtaka binafsi, ukishapiga hesabu ya nauli kwa tarehe nyingi za korti.

Uamuzi umetoka rasmi, umeandikwa, na unaona kabisa umevunja sheria: usikae kwenye ofisi za malalamiko ukisubiri majibu mpaka miezi 3 iishe. Mtafute wakili mwezi wa kwanza, na zile barua zako zenye muhuri uende nazo.